Ni Mkono au Ni Kipanya?

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza saa nne asubuhi. Kipanya changu cha kompyuta kimeanza ujinga wake saa nne na dakika tano.

Daftari hili nimepewa na mtaalamu wa viungo. Amelichorea safu mbili, "Maumivu" na "Sababu", akaniambia nijaze kila siku mpaka mvua zikatike ndipo nirudi. Safu mbili hazinitoshi, naandika upana wote wa ukurasa. Akitaka safu ajichoree mwenyewe, mimi nachora kwa mshahara.

Kwa ufupi: mimi ni mchoraji wa ramani za majengo, mwaka wa ishirini na sita huu. Kumi ya mwanzo nilichora kwa kalamu juu ya ubao, iliyobaki kwa kompyuta. Kifundo cha mkono wa kulia kinawaka moto na vidole viwili vinakufa ganzi. Mtaalamu alisema maneno machache: "Mama, badilisha kifaa unachoshika kutwa nzima, au uache kuchora." Nikamuuliza nikiacha kuchora nitafanya nini. Akasema hilo si swali la kitabibu.

Kuacha sitaki. Sijui kazi nyingine, na wala sina hamu ya kuijua.

Jumatano, 5 Machi

Maumivu: ndiyo. Sababu: kipanya.

Ijumaa, 7 Machi

Leo nimejaza fomu ya kuomba kipanya kipya nikaipeleka stoo. Mtunza stoo wetu tunamwita Funguo kwa sababu huvaa rundo la funguo kiunoni, unamsikia anakuja tangu yuko ngazi ya chini. Kuomba kitu kwake ni kuomba mtu akupe jino lake.

"Kipanya si unacho?"

"Ninacho, kibovu."

"Hakibofyi?"

"Kinabofya kupita kiasi. Nabonyeza mara moja, chenyewe kinabofya mara mbili."

"Basi hicho kizima kuliko vyote humu ndani," akasema, na akaucheka mzaha wake mwenyewe mpaka funguo zikalia.

Nilijikaza nikamweleza. Sisi hatuandiki barua. Kwenye programu ya kuchorea gurudumu la kipanya ndiyo miguu yangu: nikilizungusha nasogea karibu na ukuta au nakaa mbali, nikilibonyeza na kuvuta naihamisha karatasi nzima. Naligusa mara elfu kwa siku. Nataka gurudumu laini, vitufe viwili vya kidole gumba, na umbo lisilonipinda kifundo. Akaandika kwenye kitabu chake neno moja, "kipanya". Nimemwona kwa macho yangu.

Jumanne, 11 Machi

Hakuna jibu. Mvua kutwa.

Ijumaa, 14 Machi

Funguo kaja mezani kwangu anatabasamu, kitu kaficha mgongoni. "Mama, nimekutafutia."

Kipanya chembamba kama kipande cha sabuni ya mwisho mwisho, cha kubebea safarini. Gurudumu hakina kabisa, kina mahali pa kupapasa kwa kidole. Nimejaribu kuchora ngazi moja kwa kukipapasa. Ngazi ilikimbia mpaka nje ya karatasi na sikuiona tena hadi saa nane.

Nimemrudishia. Nilimwambia ampe mtu asiye na kazi. Tabasamu likamtoka, akaondoka nacho. Nikarudi kwa kibovu changu.

Kazi tuliyo nayo ni wodi ya wazazi, karatasi arobaini na nane. Mafundi wanataka kuanza msingi mvua zikikatika tu, na seremala anaanza fremu mapema zaidi kwa sababu mbao zake zinahitaji kukauka. Kwa hiyo karatasi za milango zinatoka kwanza, Ijumaa ijayo. Zote zangu.

Jumatano, 19 Machi

Kipanya cha pili kutoka stoo. Hiki kikubwa kama kiatu cha mtoto wa darasa la kwanza. Nikikishika, vidole havivifikii vitufe vyake. Jirani yangu wa meza, ambaye mikono yake ingemfaa mbeba mizigo, kakishika akasema kinamkaa vizuri mno. Nikamwambia akichukue, awe na furaha.

Nyumbani nikalalamika tangu mlangoni. Baba Watoto ni fundi cherehani, na hana tabia ya kunipa pole. Kavuta futi yake shingoni, akaulaza mkono wangu juu ya meza ya kukatia, akapima toka mstari wa kifundo mpaka ncha ya kidole cha kati. Sentimita kumi na saba. Akapima upana pia.

"Sasa hicho kilichokuwa kikubwa kina urefu gani?"

"Sijui."

"Na hicho chembamba?"

"Sijui, Baba Watoto. Ni vipanya, si suruali."

"Mteja akija hapa akaniambia nguo hainitoshi, hajui kiuno chake, hajui urefu wake, nimshonee nini mimi?"

Nimenuna mpaka chakula kikapoa. Kinachoniudhi ni kwamba miaka ishirini na sita napima vyumba vya watu mpaka milimita, na mkono wangu mwenyewe sijawahi kuupima.

Ijumaa, 21 Machi

Karatasi za milango zimetoka. Kwenye kisanduku cha pembeni nimetia sahihi "Amechora". "Amekagua" katia Mkuu wetu, akiwa kwenye simu, karatasi kumi na moja kwa dakika mbili. Ndivyo tunavyofanya kila Ijumaa na hakuna aliyewahi kufa. Mkono hauna hali.

Alhamisi, 27 Machi

Kipanya cha tatu. Hakina waya. Ukikiacha sekunde kumi kinalala, na kukiamsha lazima ukitikise, na kukitikisa kunahamisha ukuta. Mtu anayechora huwaza. Anapowaza mkono hutulia. Kumbe kuwaza ni kosa.

Nimemrudishia Funguo mbele za watu. "Bwana Stoo, hivi unaviokota wapi hivi?" Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Jumatatu, 31 Machi

Mvua. Paa la chumba cha printa linavuja juu ya printa, halivuji mahali pengine popote.

Jumanne, 8 Aprili

Siku mbaya. Nitaiandika yote.

Saa tatu asubuhi simu ya mezani ikaita, nikapokea mimi. Alikuwa seremala.

"Mama, samahani, nina swali la kijinga. Wodi hii ni ya wazazi au ya mlinzi wa milango?"

"Kwa nini?"

"Orodha yako inasema milango mia moja na nne. Mimi na vijana wangu tumeshakata mbao za fremu. Leo nimeenda kwenye kiwanja na mchoro mkononi nikapiga hatua chumba kwa chumba. Nimeona nafasi sitini na moja. Hiyo mingine arobaini na mitatu naiweka wapi, juu ya paa?"

Nilicheka. Nilidhani ananitania. Nikafungua mchoro nikahesabu kwa kidole kwenye skrini: sitini na moja. Nikafungua orodha: mia moja na nne. Nikahesabu tena, ikawa vile vile.

Orodha ile haiandikwi na mtu. Programu yenyewe inahesabu kila mlango uliowekwa, na kuuweka ni rahisi: mlango umeshachorwa tayari, unauchagua, unabofya pale unapotaka ukae, unakaa. Sasa nikaushika mlango wa chumba cha dawa, nikausogeza pembeni. Chini yake kulikuwa na mlango mwingine, sawasawa na wa juu, umelala pale pale. Nikashika wa bafu. Chini yake mwingine. Kipanya kilipobofya mara mbili kilikuwa kinaweka milango miwili, mmoja juu ya mwenzake, na kwa macho unaona mmoja.

Mbao za fremu arobaini na tatu zimekatwa bure. Ningeweza kuhesabu kabla ya kutia sahihi. Sikuhesabu. Hilo ni langu na silipaki rangi.

Mkuu akatuita wote. Mkuu ndiye mwenye ofisi, mtu wa sauti ya chini ambaye akikasirika hushusha sauti zaidi mpaka unamwinamia ili usikie unavyolaumiwa. Nikaeleza: kipanya, kubofya mara mbili, fomu niliyojaza mwezi mmoja uliopita. Alinisikiliza huku anauangalia mkono wangu, na mimi nilikuwa nauchua bila kujijua.

"Mama," akasema, "kipanya hakichori. Mkono ndio unachora."

"Ni kipanya, Mkuu."

"Mkono ukitetemeka unabofya mara mbili. Naelewa. Hakuna anayekulaumu."

Hakuna anayenilaumu! Afadhali angenitukana. Akatoa mfukoni kalamu nyekundu akaiweka mbele yangu. Kuanzia kesho mimi ni mkaguzi. Nitakaa na karatasi zilizochapwa, nitatia alama makosa ya wengine, mkono utapumzika. Karatasi zangu anachukua Jirani, na kwa sababu michoro yote iko kwenye kompyuta yangu, Jirani atakaa kwenye kiti changu.

Watu wakanipongeza. Mmoja akasema ni cheo. Nikaenda chooni nikalia, na nilipomaliza nikanawa kwa mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia haukufunga bomba.

Alhamisi, 10 Aprili

Kalamu nyekundu. Maumivu: kidogo. Sababu: sifanyi kazi.

Jumatatu, 14 Aprili

Jambo la kuudhi kuliko yote: mkono unapata nafuu. Asubuhi nimefunga vifungo vya blauzi bila kusonya. Nikawaza, labda Mkuu anasema kweli, labda ni mkono, labda nimekwisha na mimi ndiye wa mwisho kujua. Nimekaa na wazo hilo kutwa nzima kama mgeni asiyeaga.

Jumamosi, 19 Aprili

Baba Watoto kafunga cherehani mapema, kaniambia twende dukani. Nikamwambia kipanya cha nini, mkaguzi hahitaji kipanya. Akasema yeye hakuuliza cheo changu.

Muuza duka alikuwa na vipanya kumi na vitano ndani ya kabati la kioo. Akanitolea cha kwanza, chenye taa za rangi saba zinazozunguka.

"Hiki ndicho cha kisasa, mama. Vijana wanacheza nacho michezo."

"Zima taa."

"Hazizimiki."

"Basi kirudishe."

Baba Watoto akaweka futi juu ya kaunta. Muuza duka akadhani amechanganyikiwa. Vilivyozidi mkono wangu tukavitenga, vilivyopungua tukavitenga, vikabaki vitano. Nikaomba kompyuta ya kujaribia. Muuza duka akashusha pumzi, akanipa. Niligeuza kila gurudumu, nikalibonyeza mara ishirini, nikabofya kila kitufe kwa kukihesabu. Viwili gurudumu lilikuwa gumu, lingenimaliza kidole kabla ya Jumatano. Kimoja kilikuwa na tufe la kuzungusha kwa kidole gumba, chenyewe hakisogei mezani. Hicho kilinipendeza, mkono unatulia kabisa, lakini kila nilipotaka kusimama kwenye kona ya mstari nilipita kidogo, nikarudi, nikapita tena. Labda mwingine angekizoea. Mimi karatasi hazinisubiri.

Cha nne kilikuwa cha kawaida, kizuri, cha kulaza kiganja. Nikakishika dakika tano na kifundo kikaanza kunung'unika.

Cha tano husimama ubavu. Mkono haulali juu yake, unakishika kwa upande kama unasalimiana na mtu. Mwanzo nilikiona kituko. Nikachora mraba. Nikachora mwingine ndani yake. Muuza duka akahudumia wateja watatu, mimi nachora. Niliposimama ndipo nilipogundua kwamba kifundo hakijasema kitu.

"Kina waya?" Baba Watoto akauliza.

"Kinao."

"Tufungie."

Njiani nilimwambia kwamba tumenunua viatu vya ngoma niliyokatazwa kucheza. Akasema tembea, mvua inakuja.

Alhamisi, 24 Aprili

Sijawahi kufurahia kosa la mtu mwingine kiasi hiki. Mungu anisamehe.

Nilikuwa nakagua karatasi za madirisha za Jirani. Tangu yale ya milango sitii sahihi kabla ya kuhesabu, tena nahesabu mara mbili. Kwenye mchoro: madirisha arobaini. Kwenye orodha yake: sitini na sita. Nikahesabu tena. Arobaini. Sitini na sita. Nikainuka na karatasi mkononi, nikaenda kwenye kile kiti kilichokuwa changu.

"Jirani, unatumia kipanya gani?"

"Kilichokuwa hapa. Changu nimekiacha kule kwenye kompyuta yangu."

"Bofya mara moja hapa pembeni, penye nafasi. Weka dirisha moja."

Akaweka. Nikamwambia alivute pembeni. Chini yake kulikuwa na jingine.

Mkono wa Jirani hautetemeki. Mkono ule unaweza kushikilia ukuta wakati zege linakauka. Tukajaza ukurasa mtupu: mibofyo ishirini, madirisha thelathini na matatu. Jirani akasema, "Lo, mama, na sisi siku ile tulikaa kimya." Nikamwambia ndiyo, mlikaa kimya.

Nikashuka stoo moja kwa moja. Nilikuwa na maneno niliyoyapanga tangu Machi. Nikamwambia Funguo kwamba roho yake mbaya imekata mbao za watu na imenitoa kwenye kiti changu, na kwamba takataka zake tatu alizoniletea angempelekea adui yake. Nikasema mpaka nikaishiwa pumzi. Kisha akafunga mlango, akachagua ufunguo mmoja, akafungua droo, akanitolea fomu yangu.

Juu yake, kwa mwandiko wa Mkuu: "Asinunuliwe. Anahamia ukaguzi." Tarehe kumi Machi. Hiyo ni siku tatu baada ya kuipeleka stoo. Ni wiki nne kabla ya simu ya seremala.

"Sikuruhusiwa kununua, na sikuruhusiwa kukwambia," Funguo akasema. "Kile chembamba ni cha binti yangu. Kile kikubwa niliazima kwa shemeji. Kile kisicho na waya nilikuwa natumia mimi mwenyewe hapa."

Nikatafuta mahali pa kukaa. Hakuna kiti stoo, nikakaa juu ya katoni la karatasi. Nikamwomba radhi, na ilitoka vibaya, imekatikakatika. Akasema, "Basi, mama, yaishe. Lakini ile siku ya kuwachekesha watu uliniumiza." Nikasema najua.

Ijumaa, 25 Aprili

Sikulala vizuri. Saa mbili na nusu nikagonga kwa Mkuu, fomu mkono mmoja, kipanya changu kipya mkono mwingine.

Nikaiweka fomu mezani. Akaisoma. Hakuuliza nimeipata wapi.

"Uliamua kabla sijakosea," nikasema.

"Niliamua nilipokuona unashika kikombe kwa mikono miwili."

"Ungeniuliza."

"Ungesema mkono ni mzima."

Hapo alinikamata, maana kweli ningesema hivyo. Akainuka, akafunga dirisha kwa sababu mvua ilikuwa inaingia, kisha akakunja mkono wa shati. Kwenye kifundo chake cha kulia kulikuwa na kovu refu, na pembeni yake jingine fupi. Miaka kumi na minne nafanya kazi kwa mtu huyu, na siku zote shati lake limefungwa kifungo cha mkononi.

"Nilipasuliwa mara mbili," akasema, kwa ile sauti yake ya chini. "Nilingoja mno. Nilikuwa mchoraji mzuri, mama, kuniona sasa huwezi kuamini. Vidole havikurudi. Nikafungua ofisi ili niwe karibu na watu wanaochora. Sikutaka yakufike wewe. Nilikuwa nakukinga."

Nilimwonea huruma, na hasira haikupungua hata kidogo. Vyote viwili vilikaa pamoja kifuani na sikujua nianze na kipi. Nikaanza na hasira, ndiyo niliyokuja nayo.

"Mkuu, wewe ulikosa kifaa. Mimi ulininyima."

Akafumba macho. Nikaendelea, maana ningenyamaza nisingeanza tena. Nikamwonyesha madirisha sitini na sita ya Jirani. Nikamwambia nazitaka karatasi zangu zilizobaki, kumi na mbili. Nitachora kwa saa moja nitapumzika dakika kumi, na nitakuwa mkweli mkono ukiuma. Mkono ukikataa kabisa, nitakuja mwenyewe kumwambia, na kalamu nyekundu nitaiomba kwa mdomo wangu. Na seremala atapigiwa simu na sisi wawili, kwa kuwa sahihi kwenye karatasi zile ni mbili.

Akasema sawa. Kwa sauti ya kusikika.

Tukampigia. Seremala alitusema vya kutosha, kisha akasema fremu za ziada atazihifadhi, kuna shule atazitumia.

Nikarudi kwenye kiti changu nikachomeka kipanya. Sijamaliza ukuta wa kwanza, namwona Mkuu kasimama nyuma yangu.

"Hicho kinashikwaje?"

Nikamwonyesha: mkono wa ubavu, kama unasalimia. Nikainuka ili ajaribu kidogo tu. Akakaa. Vidole vyake vikatafuta mahali pake polepole. Akachora mstari, ukapinda, akaufuta. Akachora mwingine. Jirani akaacha kutafuna. Saa nne wakaja kumwambia wageni wamefika, akasema wangoje, na hakugeuka. Mstari wa sita au wa saba ulinyooka. Aliutazama, halafu akaanza kuchora chumba.

Sikuwa na moyo wa kumwinua. Nilisimama nyuma ya kiti changu mwenyewe mpaka saa sita mchana, mkono hauumi hata chembe, karatasi kumi na mbili hazijaguswa, na mtu mzima ananiuliza bila kuondoa macho kwenye skrini kama mlango wa chumba hiki uingie ndani au utoke nje.

"Utoke nje, Mkuu," nikamwambia. "Na uuweke mmoja."